Clayface: Jina moja, wahalifu wengi na mtunzi aliyenyimwa jina lake

UKIMUULIZA mfuatiliaji wa hadithi za Batman kwamba Clayface ni nani, jibu utakalopewa litategemea sana umri wake. Aliyesoma majarida ya katuni ya mwaka 1940 angekujibu kuwa ni mwigizaji wa filamu aliyepitwa na wakati, akavaa kinyago na kuanza kuwaua waigizaji wenzake. Aliyesoma yale ya mwaka 1961 angesema la, huyo ni mtafuta hazina aliyeoga katika dimbwi la ajabu akapata uwezo wa kujigeuza umbo lolote. Wa mwaka 1978 angekutajia mwanasayansi mgonjwa ambaye kila anayemgusa huyeyuka kama mshumaa. Na yule aliyekua mbele ya televisheni katika miaka ya 1990 angewashangaa wote hao.

Wote wanne wangekuwa sahihi, kwa sababu jina hilo halijawahi kuwa la mtu mmoja.

Clayface, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Uso wa Udongo, si adui wa daraja la kwanza. Hana hadhi ya Joker wala ya Penguin, na kwa miaka mingi alikuwa mhalifu wa kujazia kurasa pale waandishi walipokuwa wamewapumzisha wakubwa. Hata hivyo, historia ya jina lake inaeleza mambo ambayo historia ya Joker haiwezi kuyaeleza vizuri: namna biashara ya katuni ya Marekani inavyoendeshwa, nani humiliki jina, nani hulitunga, na ni nani kati ya hao wawili hukumbukwa.

Kwetu, watu wenye jina moja huitana wajina, na baina ya wajina kuna utani na heshima, maana mara nyingi mdogo amepewa jina la mkubwa kwa mapenzi ya wazazi. Wajina wa Clayface hawakupewa jina kwa mapenzi. Walipewa kwa sababu jina lilikuwepo kabatini na lilikuwa mali ya kampuni.

Wa kwanza wao alitokea katika toleo la 40 la jarida la Detective Comics, lenye tarehe ya Juni 1940. Wakati huo Batman mwenyewe alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwani alionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 27 la jarida hilo hilo, Mei 1939. Msaidizi wake Robin alikuwa na miezi miwili.

Hadithi yenyewe inamhusu Basil Karlo, mwigizaji aliyepata kuwa na jina kubwa katika filamu za kutisha. Karlo anabaini kwamba filamu iliyompa umaarufu inatengenezwa upya, lakini nafasi yake amepewa mtu mwingine. Katika filamu hiyo yeye ndiye aliyecheza mhalifu aitwaye Clayface. Basi anaufanya uso wake kuwa wa mhalifu huyo na kuanza kuwaua wale wanaoshiriki katika filamu mpya. Miongoni mwa waigizaji yumo Julie Madison, mchumba wa Bruce Wayne, naye Batman analazimika kuingilia kati na kumkamata muuaji.

Msomaji wa leo anayezijua filamu za mashujaa atashangaa kuona kwamba Clayface huyo hakuwa na uwezo wowote wa kimiujiza. Hakujigeuza, hakuyeyuka, hakupita chini ya mlango. Alikuwa mtu mwenye rangi usoni na uchungu moyoni. Alichoibiwa ni jina na nafasi, basi, na hilo lilitosha kumfanya muuaji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna Clayface aliyefuata aliyekuwa na sababu inayoeleweka kwa urahisi kiasi hicho.

Jina la Basil Karlo nalo ni la kuunganisha. Limetokana na waigizaji wawili waliokuwa maarufu wakati ule, Basil Rathbone na Boris Karloff, ambao mwaka 1939 walicheza pamoja katika filamu ya Son of Frankenstein. Na Karloff mwenyewe hakuzaliwa Karloff. Alizaliwa Uingereza kwa jina la William Henry Pratt, akalichukua hilo jingine alipoingia katika uigizaji.

Juu ya ukurasa wa kwanza wa hadithi hiyo palikuwa na jina la mtunzi mmoja tu: Bob Kane. Huyu naye alizaliwa akiitwa Robert Kahn. Lakini aliyeiandika hadithi ya Karlo hakuwa Kane. Aliiandika Bill Finger, ambaye wazazi wake walimwita Milton.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana bila kumfahamu Finger huwezi kuufahamu mkasa wa jina la Clayface.

Finger alizaliwa mwaka 1914 mjini Denver na kukulia Bronx, New York. Alikuwa muuza viatu aliyependa kusoma na kutunga. Mwaka 1939, baada ya Superman kuvuma, Kane alitaka kumpelekea mchapishaji shujaa wake mwenyewe. Alimwonyesha Finger mchoro wa mtu mwenye nguo nyekundu, mabawa magumu mgongoni na kinyago kidogo cha kuziba macho. Ni Finger aliyependekeza kofia yenye masikio ya popo, joho badala ya mabawa, na rangi ya kijivu. Ni yeye pia aliyempa shujaa huyo jina la Bruce Wayne na mji wake jina la Gotham, na ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza.

Kane aliupeleka mchoro kwa mchapishaji peke yake, akasaini mkataba peke yake. Mkataba huo ulimhakikishia kwamba jina lake ndilo litakalosimama kwenye kurasa za Batman. Finger alilipwa na Kane kama kibarua, kwa hadithi alizoziandika, na wasomaji hawakuambiwa kwamba yupo. Si kwamba jambo hilo halikuwezekana wakati ule. Mwaka huo huo wa 1940, Finger aliandika hadithi za kwanza za Green Lantern kwa kushirikiana na mchoraji Martin Nodell, na jina lake likachapishwa. Katika Batman ndimo lilimokosekana.

Basil Karlo alirudi mara moja tu, katika toleo la 49 la mwaka 1941, kisha akatoweka. Kwa miaka 20 hakuna aliyelihitaji jina la Clayface.

Katika kipindi hicho biashara ya katuni ilipatwa na msukosuko mkubwa. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu cha Seduction of the Innocent, akidai kwamba majarida ya katuni yanawaharibu watoto. Baraza la Seneti liliendesha vikao vya kuwahoji wachapishaji. Wao, kwa kuhofia sheria, wakajitungia kanuni kali za kujidhibiti. Muuaji mwenye kisasi kama Karlo hakuwa na nafasi kirahisi chini ya kanuni hizo. Batman akaanza kupambana na viumbe kutoka sayari nyingine, mashine za ajabu na watu waliogeuzwa maumbo.

Ni katika hali hiyo ambapo Clayface wa pili alizaliwa, katika toleo la 298 la Detective Comics, Desemba 1961. Huyu ni Matt Hagen, mtafuta hazina ambaye katika pango moja anakuta dimbwi la majimaji yenye mionzi. Akiyaoga, mwili wake unakuwa kama udongo wa mfinyanzi, na anaweza kujigeuza mtu, mnyama au kitu chochote anachokitaka. Lakini uwezo huo hudumu kwa saa 48 tu, na baada ya hapo hana budi kurudi kwenye dimbwi. Baadaye anajaribu kuyatengeneza majimaji hayo mwenyewe, na yale ya bandia hayamfikishi hata jioni, kwani hudumu kwa saa tano.

Hagen hana kisasi wala uchungu. Anataka mali. Ni mwizi mwenye kipaji kikubwa na roho ndogo, na hadithi zake hupendeza zaidi kwa kuangaliwa kuliko kusomwa. Lakini ndiye aliyeweka alama ya kudumu: tangu siku hiyo, anayesikia jina la Clayface hufikiria tope linalotembea, wala si kinyago cha mwigizaji.

Aliyemtunga Hagen alikuwa tena Bill Finger. Mchoraji alikuwa Sheldon Moldoff. Na juu ya ukurasa palikuwa na jina la Bob Kane.

Moldoff alichora kwa siri kwa ajili ya Kane kuanzia mwaka 1953 hadi 1967. Kwa maneno mengine, Clayface wa pili alitungwa na mtu asiyetajwa, akachorwa na mtu asiyetajwa, akapewa jina la mhalifu wa zamani, na sifa zote zikaenda kwa mtu wa tatu. Pengine haupo mfano ulio wazi kuliko huo wa namna kazi hizo zilivyokuwa zikifanyika.

Swali linalobaki ni hili: kwa nini Hagen hakupewa jina lake mwenyewe? Mbona hana uhusiano wowote na Karlo?

Jibu liko katika thamani ya jina lenyewe. Katika sheria za Marekani, hakimiliki hulinda hadithi na michoro, lakini jina peke yake hailindi. Jina hulindwa kama alama ya biashara, na alama ya biashara huishi kwa kutumiwa. Usipoitumia kwa muda mrefu unaweza kuipoteza. Mfano unaokumbukwa sana ni wa Captain Marvel. Kampuni ya Fawcett iliacha kumchapisha shujaa wake wa jina hilo mwaka 1953, baada ya kesi ndefu na wachapishaji wa Superman. Mwaka 1967 kampuni ya Marvel ikalitwaa jina hilo na kumpa shujaa wake tofauti kabisa. DC ilipompata yule wa Fawcett na kumrudisha mwaka 1973, ililazimika kuliita jarida lake Shazam!, kwa kuwa jina la mwenyewe lilikuwa tayari mikononi mwa jirani.

Mhalifu mdogo hana uzito wa Captain Marvel, lakini mantiki ni ile ile. Jina zuri lililokwisha kuchapishwa ni kama fremu ya duka iliyokwisha kulipiwa. Mpangaji akiondoka, huivunji. Unamwingiza mwingine na kuacha kibao kile kile mlangoni.

Mambo ya Finger nayo yalianza kujulikana katika miaka hiyo. Mwaka 1965 alihudhuria mkutano wa mashabiki mjini New York na kueleza mchango wake. Shabiki mmoja msomi, Jerry Bails, akaandika makala iliyoeleza kwamba sehemu kubwa ya Batman ilitoka kichwani mwa mtu huyo asiyefahamika. Kane alijibu kwa barua ya wazi ndefu akikanusha na kusisitiza kuwa mtunzi ni yeye. Mwaka 1966 Finger aliandika pamoja na Charles Sinclair hadithi ya sehemu mbili kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Batman, na humo jina lake likaonekana. Alifariki dunia Januari 1974 akiwa na umri wa miaka 59, bila mali na bila kutambuliwa rasmi.

Kwa hiyo hakumwona Clayface wa tatu, ambaye huenda ndiye bora kuliko wote.

Huyu ni Preston Payne, aliyetungwa na Len Wein na kuchorwa na Marshall Rogers katika toleo la 478 la Detective Comics, mwaka 1978. Payne ni mwanasayansi mwenye maradhi ya tezi yaliyoharibu uso na mwili wake tangu ujana. Ili ajitibu, anapata damu ya Matt Hagen na kutengeneza dawa inayomwezesha kuurekebisha mwili wake mwenyewe. Kwa muda mfupi anakuwa mtu mwenye sura nzuri. Anakwenda kukutana na mwanamke kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kupendwa. Mwili wake unaanza kuyeyuka mbele ya mwanamke huyo, na anapomshika, mwanamke ndiye anayeyeyuka na kufa.

Tangu hapo Payne anaishi ndani ya vazi la chuma linalozuia mwili wake usitawanyike. Mguso wake ni kifo, na kibaya zaidi ni kwamba maumivu yake hayatulii mpaka amguse mtu. Anajificha katika jumba la sanamu za nta, na humo anaipenda sanamu moja aliyoipa jina la Helena. Sababu ni rahisi na ya kuhuzunisha: ndiye mwanamke pekee ambaye hawezi kumdhuru kwa kumgusa.

Mwandishi Mwingereza Alan Moore aliichukua habari hiyo mwaka 1987 katika toleo la mwaka la Batman, nambari 11, lililochorwa na George Freeman. Humo Payne anaishi na Helena kwa siri katika duka kubwa la bidhaa, na wivu unamwingia kwa kudhani kwamba mlinzi wa usiku anamnyemelea mkewe. Batman hamshindi kwa ngumi. Anamwonea huruma. Hadithi inaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham, ambako Payne na sanamu yake wamepewa chumba, nao wanatazama televisheni kama wanandoa waliochokana lakini wasioweza kuachana. Ni hadithi ya kuchekesha na ya kuliza kwa wakati mmoja. Anayetaka kusoma hadithi moja tu ya Clayface na asome hiyo.

Linalostahili kuangaliwa katika habari ya Payne ni kwamba hapa, kwa mara ya kwanza, wajina wana undugu. Damu ya Hagen ndiyo iliyomfanya Payne kuwa Payne. Jina ambalo mwaka 1961 lilirithiwa kibiashara tu, sasa lilipewa sababu ndani ya hadithi yenyewe.

Clayface wa nne ni mwanamke. Sondra Fuller alitokea mwaka 1987 katika jarida la Outsiders, akiwa kazi ya mwandishi Mike W. Barr na mchoraji Jim Aparo. Aliuchukia uso wake, akakubali kugeuzwa na kiongozi wa kundi la wahalifu liitwalo Kobra, na akapata uwezo wa kuiga umbo la mtu pamoja na nguvu zake. Wapo wanaomwita Lady Clay.

Wakati huo Hagen alikuwa amekwisha kufa. Aliuawa katika Crisis on Infinite Earths, mfululizo wa mwaka 1985 na 1986 ambao DC iliutumia kusafisha mrundikano wa historia zake zinazopingana. Lakini kusafisha huko hakukutatua suala la kina Clayface. Walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuwepo.

Waliolitatua, kwa ucheshi na kwa ukatili, ni mwandishi Alan Grant na mchoraji Norm Breyfogle, mwaka 1989, katika matoleo ya 604 hadi 607 ya Detective Comics. Waliwaita wote mkutanoni. Basil Karlo, mzee aliyesahauliwa kwa karibu miaka 50, anawakusanya Payne na Fuller pamoja na mabaki ya Hagen, kwa madai kwamba wakiungana watamshinda Batman. Nia yake halisi ni nyingine. Anachukua sampuli kutoka miilini mwao, anajidunga, na kujipatia uwezo wa wote. Yule asiyekuwa na miujiza yoyote sasa ana miujiza ya kila aliyewahi kuitwa kwa jina lake.

Ukilitazama jambo hilo vizuri, ni kisasi kile kile cha mwaka 1940. Kwa mara ya pili Karlo alikuta wengine wamepewa nafasi aliyoianzisha yeye, na kwa mara ya pili akaja kuidai.

Katika mkutano huo huo Payne na Fuller walipendana. Payne hakuihitaji tena Helena, kwa kuwa amempata mwanamke wa nyama, au tuseme wa udongo, asiyedhurika. Wakapata mtoto, wakamwita Cassius. Wapenzi wa ndondi watautambua utani uliofichwa humo. Cassius Clay ndilo jina alilozaliwa nalo Muhammad Ali, ambaye alilikataa mwaka 1964 akisema ni la utumwa, na ambaye hapa Afrika anakumbukwa zaidi kwa pambano la Kinshasa la mwaka 1974. Waliomtunga mtoto huyo walitaka kuchekesha, lakini katika hadithi ya majina yanayogawiwa na wengine, kumtaja mtu aliyelitupa la kwake ni jambo linalozidi kidogo utani.

Waliofuata hatuna haja ya kuwachelewea sana. Mwaka 2002 jarida la Catwoman lilileta muuaji wa wanawake wa mitaani mwenye mwili wa udongo, ambaye baadaye aliitwa Todd Russell. Kisha akaja Johnny Williams, mzimamoto aliyeharibiwa na kemikali na kutumiwa na wahalifu wakubwa kuliko yeye. Katuni ya televisheni ya The Batman, iliyoanza mwaka 2004, ikampa jina hilo Ethan Bennett, polisi mwema na rafiki wa Bruce Wayne. Huyu wa mwisho ana mvuto wake, kwani ni mtu mwadilifu aliyeangukiwa na balaa asiloliomba.

Wa televisheni aliyewafunika wote, hata hivyo, ni yule wa mwaka 1992. Katika Batman: The Animated Series, hadithi ya sehemu mbili iitwayo Feat of Clay inamweleza mwigizaji aliyeumia usoni kwa ajali. Mfanyabiashara dhalimu anampa krimu inayomrudishia sura kwa muda, na krimu hiyo inamfanya mtumwa wake kama dawa za kulevya. Mwishowe anamwagiwa kiasi kikubwa kupita kipimo na kugeuka zimwi la udongo. Sauti yake iliigizwa na Ron Perlman.

Mwigizaji huyo anaitwa Matt Hagen. Jina ni la yule mtafuta hazina wa mwaka 1961, uwezo ni wa kwake pia, lakini kazi na uchungu ni vya Basil Karlo wa mwaka 1940. Watengenezaji waliwachukua watu wawili wasiofanana na kumfinyanga mmoja, na kizazi kizima kikaamini kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote. Filamu ya Clayface ambayo studio za DC zilitangaza Desemba 2024 kwamba zimeidhinisha itengenezwe, kwa mswada wa Mike Flanagan, nayo imerudi kwa mwigizaji mwenye jina la Hagen.

Katika majarida, Karlo ndiye aliyeendelea kulishika jina. Mwaka 2016 mwandishi James Tynion IV alimweka katika kikosi cha Batman mwenyewe, kama mtu anayejaribu kujirekebisha, na wasomaji wengi walihuzunika Batwoman alipompiga risasi mwaka 2018. Katika katuni ya Harley Quinn iliyoanza mwaka 2019 amekuwa mchekeshaji, mwigizaji asiye na kipaji anayejiona gwiji.

Na Finger? Bob Kane alikiri katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1989 kwamba mwenzake alistahili kutajwa. Kukiri huko kulikuja miaka 15 baada ya Finger kufariki katika usahaulifu, na hakukubadili neno hata moja kwenye kurasa. Kane alifariki mwaka 1998. Tangu mwaka 2005 kumekuwa na tuzo yenye jina la Finger kwa waandishi wa katuni waliosahauliwa. Mjukuu wake Athena Finger, akisaidiwa na utafiti wa mwandishi Marc Tyler Nobleman, aliendelea kudai haki, na Septemba 2015 DC ilitangaza kwamba jina la Finger litaandikwa pamoja na la Kane kama mtunzi wa Batman. Lilionekana katika filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2016, katika Batman v Superman: Dawn of Justice. Desemba 2017 sehemu ya mtaa mmoja wa Bronx, karibu na bustani ambamo yeye na Kane walizoea kukaa na kubuni hadithi, ilipewa jina lake.

Suala la nani ni Clayface wa kweli linaweza kuonekana kuwa mzaha wa mashabiki. Lakini kuna siku litakuwa suala la mawakili, na siku hiyo inajulikana.

Kwa sheria ya Marekani ilivyo, kazi zilizochapishwa katika miaka hiyo hulindwa kwa miaka 95, kisha huwa mali ya umma. Ndivyo ilivyotokea Januari 1, 2024 kwa Mickey Mouse wa filamu ya mwaka 1928, na wengi walishangaa kuambiwa kwamba ni Mickey yule wa zamani tu aliyeachiwa, si wa leo. Batman wa mwaka 1939 ataachiwa Januari 1, 2035. Clayface wa kwanza atafuata mwaka mmoja baadaye, Januari 1, 2036.

Atakayetaka kumtumia siku hiyo itambidi awajue wajina wake vizuri. Atakuwa huru kumwandika Basil Karlo, mwigizaji mwenye kinyago na kisasi. Lakini akithubutu kumfanya ajigeuze umbo kama tope, atakuwa ameingia katika kazi ya mwaka 1961, ambayo italindwa hadi mwisho wa mwaka 2056. Payne na sanamu yake ya nta watalindwa hadi mwisho wa mwaka 2073. Na jina lenyewe la Clayface, kama alama ya biashara, halina ukomo maadamu kampuni inaendelea kulitumia sokoni.

Karlo mwenyewe atakuwa huru. Mchapishaji atakayeichapa upya hadithi yake kama ilivyotoka mwaka 1940 atakuta juu ya ukurasa wa kwanza jina la Bob Kane peke yake, na kama anataka na la Bill Finger lionekane, itabidi aliongeze.